Tiba ya dhahabu na mwanga: tuandikieni wati, nyuzi joto na dakika

Mhariri,

Habari za chembe nano za dhahabu zinazopigwa mwanga ili ziue saratani zimeanza kusomwa kwa Kiswahili, na sisi wa maabara, famasia na fizikia ya tiba hapa Mtwara na Lindi tunazifurahia. Jambo lenyewe ni la kweli na limefanyiwa kazi kwa miaka mingi. Kinachotusumbua ni kwamba habari hizo zikitufikia, namba zimekwisha kudondoka njiani. Hazisemi mwanga ulikuwa wa aina gani, leza ilikuwa ya wati ngapi, uvimbe ulifika nyuzi ngapi za joto na ulikaa humo dakika ngapi, wala kama aliyetibiwa alikuwa mtu au panya. Msomaji wa Nanyumbu au Kilwa mwenye mama mgonjwa hawezi kujua kama amesoma tiba ya kuifuata mwezi ujao au jaribio la maabara. Katika tiba hii namba ndiyo habari. Zikiondolewa, msomaji anabaki na neno dhahabu tu.

Nanomita moja ni milimita iliyogawanywa mara milioni. Seli nyekundu ya damu ina upana wa nanomita 7,000 hivi, kwa hiyo chembe za nanomita 50 zikipangwa mstari zinatosha 140 juu yake. Dhahabu ikiwa ndogo kiasi hicho haiwi tena ya manjano. Michael Faraday aliyaeleza maji mekundu yenye dhahabu mwaka 1857 huko London, na mwaka 1908 Gustav Mie akatoa hesabu za kwa nini yana rangi hiyo. Elektroni za chembe huyumba kwa pamoja zinapopigwa na mwanga, kama bembea. Mwanga wenye mapigo yanayolingana na bembea humezwa kwa wingi na kugeuka joto, na wenye mapigo mengine hupita. Chembe za mviringo za nanomita 15 hadi 20 humeza mwanga wa kijani, ule wenye urefu wa wimbi wa nanomita 520, ndiyo maana maji yake huwa mekundu kama juisi ya rozela.

Kijani hakifai mwilini, kwa sababu damu nayo hukimeza, na melanini, yaani rangi ya ngozi, vilevile. Mwanga unaopenya vizuri zaidi ni ule wa nanomita 700 hadi 900 hivi, ambao jicho halioni au huona kwa shida. Hapo damu na melanini humeza kwa uchache zaidi, na maji ya mwilini hayajaanza kumeza kwa nguvu. Ili dhahabu imeze mwanga huo, umbo lake hubadilishwa. Ikinyooshwa kuwa kijiti chenye urefu wa mara nne ya upana, humeza karibu nanomita 800. Au hutengenezwa gamba jembamba la dhahabu juu ya kitufe cha silika (kitu cha jamii ya kioo), kazi iliyofanywa na Naomi Halas na Jennifer West katika Chuo Kikuu cha Rice, Marekani. Leza nyingi unazozikuta kwenye tafiti hizi ni za nanomita 808 au 810, na zimechaguliwa kwa sababu hiyo.

Sasa tufike kwenye kina, mahali ambapo habari nyingi huteleza. Hata mwanga huo mzuri hauendi mbali. Kila nyama ina kiwango chake, lakini chukua makadirio kwamba kila milimita 4 za nyama hubakiza theluthi moja ya mwanga ulioingia. Kwenye milimita 8 imebaki sehemu moja ya 9. Kwenye sentimita 2 imebaki sehemu moja ya 243. Huwezi kuongeza nguvu juu ili ufidie chini, maana ngozi itaungua kwanza. Kiwango cha usalama wa ngozi kinachofuatwa Marekani kwa leza ya nanomita 808 ni karibu wati 0.33 kwa sentimita moja ya mraba, ilhali majaribio mengi ya panya hutumia wati 1, wati 2, hata zaidi. Mwandishi akikuta wati 2 kwenye ripoti na mwanga ulipitia kwenye ngozi, hiyo ni taarifa kubwa kuliko picha ya panya aliyepona. Na uvimbe wa panya ni wa nusu sentimita, uko chini ya ngozi nyembamba isiyo na manyoya. Saratani ya ini au ya kongosho ya mtu mzima iko mbali mno kwa taa ya nje.

Kwa hiyo mwanga hupelekwa ndani. Uzi wa kioo unaobeba leza unaweza kupitishwa kwenye sindano, au kwenye bomba la kuchunguzia kibofu, umio au mdomo. Jaribio linalojulikana zaidi kwa binadamu lilifanywa hivyo. Wanaume 16 wenye saratani ya tezi dume isiyo kali walitundikiwa kwenye mshipa magamba ya dhahabu yenye upana wa nanomita 150 hivi. Siku iliyofuata sindano zenye nyuzi za leza ziliingizwa kwenye tezi kwa kuongozwa na picha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019, kazi ikiwa imeongozwa kutoka hospitali ya Mount Sinai, New York, na kwa wagonjwa 15 kati ya hao 16 matibabu yalikamilika kama yalivyopangwa. Tunaomba mwandishi azingatie mambo mawili hapo. Wagonjwa walikuwa 16, na lengo kubwa lilikuwa kuona kama njia ni salama na inatekelezeka. Tena hilo lilikuwa joto peke yake, bila kemo (dawa za kuua seli za saratani) wala mionzi. Anayesema tiba ya pamoja ya dhahabu, mwanga na kemo imekwisha kuthibitishwa kwa watu amechanganya karatasi mbili tofauti.

Kwa nini basi watafiti wanataka tiba ya pamoja? Jibu limo ndani ya joto lenyewe. Seli hazifi kwa nyuzi za joto peke yake, hufa kwa nyuzi na muda. Watu wa tiba ya joto hutumia kanuni ya nyuzi 43. Juu ya hapo, kila nyuzi moja ikiongezeka, muda unaohitajika hupungua kwa nusu. Chini ya hapo, kila nyuzi moja ikipungua, muda huongezeka mara nne. Dakika 60 za nyuzi 43 ni sawa na dakika 30 za nyuzi 44, dakika 15 za nyuzi 45, na karibu nusu dakika ya nyuzi 50. Kwa nyuzi 42 utahitaji saa nne. Ndiyo maana ripoti inayosema tu kwamba uvimbe ulipata joto haijasema kitu.

Na joto halisambai sawasawa. Mahali palipopata chembe nyingi na mwanga mwingi panafika nyuzi 55, na milimita chache pembeni panabaki nyuzi 41. Mshipa mkubwa wa damu unaopita kando ya uvimbe hubeba joto na kuondoka nalo, na seli zilizouzunguka zinapona. Zaidi ya hayo, seli iliyopashwa joto bila kufa hutengeneza protini za kujikinga, na ukiirudia kesho unaikuta imekuwa sugu kwa joto. Saratani hurudi kutoka kwenye seli hizo za pembeni. Tiba ya pili inawekwa kwa ajili ya seli hizo, na hili lingeandikwa kwenye aya ya kwanza ya kila habari, kwa sababu bila hilo msomaji anadhani dawa mbili zimerundikwa kwa pupa.

Mwenza wa kwanza ni kemo. Doksorubisini, kwa mfano, ni dawa yenye nguvu lakini hudhuru moyo, hata madaktari huhesabu jumla ya dozi ya maisha yote ya mgonjwa isizidi takriban miligramu 450 hadi 550 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili. Dawa ikifungwa juu ya chembe ya dhahabu kwa kifungo kinachokatika kwenye joto au kwenye uchachu, itatoka zaidi mle inamotakiwa. Uchachu hupimwa kwa pH, na namba ikishuka uchachu umepanda: damu ina pH 7.4, na vifuko vya ndani ya seli vinavyoipokea chembe hushuka hadi karibu 5. Ugumu ni kukadiria kifungo. Kikiwa legevu, dawa humwagika kwenye damu kabla haijafika na moyo unaumia kama kawaida. Kikiwa kigumu mno, dawa inafika na kukaa bila kutoka, na daktari anahesabu dozi ambayo uvimbe haukuipata.

Wa pili ni dawa inayoamshwa na mwanga. Hii hupokea mwanga na kuipa nguvu oksijeni iliyo karibu nayo, oksijeni ikawa kali na kuchoma seli. Inahitaji oksijeni, na katikati ya uvimbe mkubwa oksijeni ni haba. Kuna mtego mwingine usiosemwa. Dawa hizi nyingi huamka kwa mwanga mwekundu wa nanomita 630 hadi 690, na kijiti cha dhahabu kimepangwa kwa 808, kwa hiyo leza moja haitoshi mpaka umbo lirekebishwe. Tena dawa ikigusana kabisa na dhahabu, dhahabu huinyang'anya nguvu kabla haijaipa oksijeni. Inabidi iwekwe utando wa nanomita chache katikati. Na mgonjwa mwenyewe anabaki mwepesi wa kuungua. Kwa mojawapo ya dawa za zamani za aina hii, iitwayo porfimeri, mgonjwa hutakiwa kujikinga na jua kwa siku 30 angalau. Fikiria maana ya hilo kwa mvuvi wa Msimbati au mkulima wa korosho wa Tandahimba msimu wa kuokota.

Wa tatu ni mionzi. Dhahabu ni nzito, namba yake ya atomu ni 79, na humeza miale ya eksrei kuliko nyama. James Hainfeld na wenzake walionyesha mwaka 2004 kwamba panya waliodungwa chembe za nanomita 1.9 kisha wakapigwa eksrei, asilimia 86 waliishi mwaka mmoja, na waliopigwa eksrei peke yake waliishi asilimia 20. Ni matokeo makubwa. Sasa soma dozi: hadi gramu 2.7 za dhahabu kwa kila kilo ya mwili. Kwa mtu wa kilo 60 hizo ni gramu 162 za dhahabu ndani ya mshipa. Halafu eksrei ile ilikuwa ya kilovolti 250, ambako dhahabu humeza kwa wingi. Mashine za kobalti 60 zinazotibu wagonjwa hutoa miale yenye nguvu kubwa zaidi, ya MeV (milioni za elektroni-volti) 1.17 na 1.33, na huko faida ya uzito wa dhahabu hupungua sana. Mwandishi aliyebeba asilimia 86 na kuacha gramu 2.7 hakusema uongo, ila msomaji wake amedanganyika.

Joto na mionzi vyenyewe, bila nano yoyote, vina historia nzuri ambayo wanawake wa kusini wangepaswa kuijua. Huko Uholanzi, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2000, wagonjwa wa saratani ya shingo ya kizazi iliyokwisha kuenea jirani walipewa mionzi peke yake au mionzi pamoja na joto la mashine. Baada ya miaka 3 walikuwa hai asilimia 27 kwa kundi la kwanza na asilimia 51 kwa la pili. Majaribio mengine ya baadaye hayakutoa faida kubwa kiasi hicho, na leo kemo hutolewa pamoja na mionzi, kwa hiyo si neno la mwisho. Lakini linaonyesha kwamba wazo la kuunganisha halikuzaliwa na dhahabu. Dhahabu inakuja kujaribu kulipeleka joto mahali padogo zaidi.

Mpangilio wa saa ndio unaoamua kama wenza hawa watasaidiana au watakwamishana. Joto la wastani, nyuzi 41 hadi 43, hufungua mishipa ya uvimbe: damu inaongezeka, oksijeni inaongezeka, dawa inaingia. Joto kali hugandisha mishipa hiyohiyo. Ukichoma kwanza kwa nyuzi 50 halafu utundike kemo, dawa haina njia ya kuingia. Ukichoma kwanza halafu uwashe dawa ya mwanga, oksijeni imekwisha. Kwa hiyo dawa ya mwanga hutangulia joto kali, kemo huenda na joto la wastani, na mionzi hutolewa ndani ya saa chache za joto, wakati seli bado zinashindwa kukarabati DNA yake. Ripoti inayosema vyote vilitolewa kwa pamoja, bila kutaja kipi kilianza na baada ya muda gani, mwandishi airudishe kwa mtafiti na swali.

Na neno kusaidiana lenyewe lina hesabu. Tuseme joto peke yake linabakiza hai seli 40 kati ya 100, na dawa peke yake inabakiza 50. Zikifanya kazi kila moja kivyake bila kusaidiana, utabaki na 20, yaani nusu ya 40. Mtafiti akipata 20 na kutangaza ushirikiano wa ajabu, hakuna ushirikiano hapo. Anatakiwa awe chini ya 20 kwa tofauti inayoonekana wazi. Ili hesabu hiyo iwezekane lazima awe na makundi yote ya kulinganisha: wasiopewa kitu, waliopewa mwanga tu, chembe tu, dawa tu, kila viwili viwili, na vyote vitatu. Hayo ni makundi 8. Wengi huishia na manne.

Utengenezaji wa chembe si siri, na tunaueleza ili mwandishi ajue mahali kosa linapoingilia. Njia ya Turkevich ya mwaka 1951, iliyoboreshwa na Frens mwaka 1973, huanza na mililita 100 za maji safi ya maabara yenye miligramu 10 za asidi ya kloroauriki, chumvi ya manjano ambayo nusu ya uzito wake ni dhahabu. Maji yachemke huku kikorogeo cha sumaku kikizunguka, kisha mililita 2 za sitireti ya sodiamu ya asilimia 1 zimiminwe kwa mkupuo mmoja. Manjano hupotea, maji huwa ya kijivu na buluu, halafu zambarau, halafu mekundu, na chembe hutoka zikiwa na takriban nanomita 16. Ukitia sitireti mililita 1 tu, chembe hukua hadi karibu 40.

Huharibika kwa vitu vidogo. Chupa iliyosuuzwa kwa maji ya bomba huacha chumvi na uchafu, chembe zinashikana, maji yanakuwa ya buluu au tope jeusi linatua chini. Kwa sababu hiyo vyombo huoshwa kwa mchanganyiko wa asidi haidrokloriki sehemu 3 na asidi nitriki sehemu 1, unaoyeyusha hata dhahabu. Kazi hiyo hufanyika ndani ya kabati la kuvuta mvuke, na mchanganyiko wake haufungiwi kizibo kwa sababu chupa hupasuka. Sitireti ikidondoshwa kidogo kidogo, ukubwa wa chembe unatofautiana. Zikigandishwa kwenye friji zinashikana na hazirudi. Hukaa kwenye nyuzi 4.

Vijiti vina tatizo kubwa zaidi. Hukuzwa ndani ya sabuni iitwayo CTAB, ambayo ni sumu kwa seli. Inabidi izungushwe kwenye sentrifyuji na kuoshwa, kisha nafasi yake ichukuliwe na koti la poliethilini glaikoli. Ukiosha mno, vijiti vinashikana. Ukiosha kidogo, sabuni inabaki, inaua seli za saratani kwenye sahani ya maabara, na dhahabu inapewa sifa isiyo yake. Kipimo cha haraka cha koti hilo ni tone la maji ya chumvi ya asilimia 10. Chembe za mviringo zisizo na koti hugeuka buluu palepale, na zenye koti zuri hubaki nyekundu. Kuna pia mabaki ya bakteria waliokufa, endotoksini, ambayo chujio la mikromita 0.22 haliyaondoi. Yakiwemo, panya anapata homa na kinga yake inaamka, na mtafiti anadhani dhahabu ndiyo iliyoamsha kinga. Kwenye kupima joto nako, kipimajoto cha waya kikikaa ndani ya mwale wa leza hupata joto chenyewe na kutoa namba ya uongo. Hukaa pembeni ya mwale, na chombo cha pili chenye maji matupu hupigwa leza ileile ili kulinganisha.

Tukiacha maabara, swali gumu kuliko yote ni chembe ngapi zinafika. Mwaka 2016 watafiti wa Toronto, Kanada, walikusanya tafiti za miaka kumi na kukuta kwamba kwa kawaida kiasi kinachofika kwenye uvimbe ni asilimia 0.7 ya kilichodungwa. Kwa miligramu 100 zilizoingia mshipani, uvimbe unapata miligramu 0.7. Sehemu kubwa huishia kwenye ini na bandama, ambako seli za ulinzi huzimeza. Figo huweza kutoa chembe ndogo kuliko nanomita 6 hivi, na zilizo kubwa hukaa mwilini kwa miezi.

Hapo ndipo tunaposema kwa sauti kwamba namba za miili yetu nazo zinatakiwa. Bandama iliyovimba kwa malaria ya mara kwa mara si kitu kigeni Lindi na Mtwara, na panya wa maabara hana bandama hiyo. Itameza chembe kiasi gani, na kuacha kiasi gani kwa uvimbe, ni jambo la kupimwa kabla ya mgonjwa wa kwanza. Kichocho cha mkojo, kinachochangia saratani ya kibofu, kipo mikoani kwetu, na kibofu ni kiungo ambacho uzi wa leza unaweza kukifikia bila kupasua, kwa hiyo kuna sababu ya kweli ya watafiti wa hapa kuingia kazini. Ngozi nyeusi nayo humeza mwanga zaidi ya ngozi nyeupe hata kwenye nanomita 808, ingawa kwa uchache kuliko mwanga wa kijani. Wati zilizokuwa salama kwa mtu mweupe zinaweza kuunguza ngozi ya Mmakonde. Kwa ndugu zetu wenye ualbino hali ni kinyume, mwanga unapenya zaidi na ngozi yenyewe tayari imeumizwa na jua. Saratani zao za uso na masikio ziko juu, mahali ambapo mwanga hufika, lakini leo hii kidonda hicho kikiwahiwa kidogo hukatwa na kuisha. Mtu asimwambie mgonjwa asubiri dhahabu.

Hofu yetu nyingine ni wauzaji. Dhahabu ya wachimbaji wadogo iliyokamatwa kwa zebaki ni ya kupelekwa sokoni, haina kazi ndani ya mwili wa mgonjwa. Maji ya dhahabu ya kunywa hayafiki kwenye uvimbe. Taa nyekundu ya dukani haijawahi kupimwa wati zake, na leza ya nanomita 808 ni hatari kwa jicho kwa sababu haionekani vizuri: mtu hapepesi, na retina, ukuta wa nyuma wa jicho, inaungua bila maumivu. Kama kuna mtu anamwita mgonjwa kwenye jaribio, mgonjwa aulize kibali cha maadili cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu) na kibali cha TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), na akiombwa fedha ya kununua dawa inayojaribiwa, aondoke.

Kwa mhariri na waandishi wako ombi letu ni dogo. Habari ikija, piga simu au andika barua pepe kwa watafiti kabla ya kuichapa, uulize nanomita za mwanga, wati kwa sentimita ya mraba, nyuzi na dakika, dozi kwa kilo, asilimia iliyofika kwenye uvimbe, nani alitibiwa, na tiba gani ilitangulia. Mtafiti makini anazo na atafurahi kuulizwa. Mistari minne ya gazeti inatosha kuzibeba.

Na pembeni ya habari hiyo, weka kisanduku cha joto ambalo halihitaji dhahabu wala leza. Mwanamke anapakwa asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5 kwenye shingo ya kizazi, inasubiriwa dakika moja, na panapogeuka peupe, kama panafaa kwa tiba hiyo, panaguswa kwa kifaa chenye joto la nyuzi 100 kwa sekunde 20 hadi 30. Ni tiba ya mabadiliko ya awali, kabla hayajawa saratani, na imo kwenye miongozo ya Shirika la Afya Duniani tangu 2019. Andika siku ambazo huduma hiyo hutolewa katika hospitali za Ligula, Mtwara, na Sokoine, Lindi, na andika kwamba mwenye damu isiyo ya hedhi, uvimbe wa titi au kidonda kisichopona achukuliwe kinyama kipimwe kabla ya safari ya Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, ili akifika huko, zaidi ya kilomita 550 kutoka Mtwara, awe na majibu mkononi.

Wako,
Wataalamu wa maabara, famasia na fizikia ya tiba,
Mtwara na Lindi